Kuwaka si kuchezeka: Tarakilishi kuukuu na michezo mipya

Lipo swali ambalo wanafunzi huwauliza walimu wa tarakilishi mara nyingi kuliko maswali yaliyomo katika silabasi: "Je, mashine yangu itaweza kuendesha mchezo huu?" Aghalabu mashine yenyewe ni ya miaka minane au tisa iliyopita. Ilitumiwa katika ofisi fulani ng'ambo, ikaletwa nchini ikiwa mtumba, kisha ikatiwa kadi ya michoro ya bei nafuu ili ipate kuitwa tarakilishi ya michezo. Mchezo nao ni wa juzi. Mwalimu huliona swali hili kuwa la kitoto, akalipuuza na kurejea kwenye ubao. Mimi naliona kuwa swali zito. Nyuma yake pana fedha za mzazi, na ndani yake mna kitenzi ambacho sisi wanaisimu tunakijua kwa utata wake, yaani kitenzi kuweza.

Ukiambiwa kwamba mgonjwa anaweza kutembea, hujui kama atafika mlangoni tu au atakwenda sokoni na kurudi. Kuweza hakuna kipimo ndani yake. Lakini Kiswahili kimetujalia kauli ya kutendeka ambayo ina makali zaidi. Njia hupitika, maji hunyweka, mwandiko husomeka. Asemaye kwamba njia inapitika hana maana kwamba kuna gari moja lililowahi kupita likisukumwa na vijana kumi matopeni. Ana maana kwamba wewe nawe ukiishika njia hiyo utafika bila kujuta. Basi tuseme kwamba mchezo unaweza kuwaka katika tarakilishi pasipo kuchezeka. Na miaka ya karibuni limeongezeka jambo la tatu: mchezo unaweza kuikataa mashine kabla hata ya kuwaka, si kwa sababu ya unyonge wake, bali kwa sababu haina kiungo fulani. Mambo haya matatu yana tiba tofauti, na anayeyachanganya hupoteza fedha.

Tuchukue mashine moja ya kawaida tuijadili. Prosesa yake, yaani ubongo wake, ni Core i5-6500 ya mwaka 2015 yenye viini vinne. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 8. Diski yake ni ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Kadi yake ya michoro ni GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 kwa bei ya dola 139 za Marekani, nayo ina kumbukumbu yake ya gigabaiti 4. Kadi hii ilipendwa sana na watu wa kipato cha chini kwa sababu aina zake nyingi hazihitaji waya wa ziada wa umeme. Hutosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu inamochomekwa, hivyo mashine ya ofisi yenye kisambaza umeme kidogo huimudu.

Sasa tuulinganishe uwezo wake na mchezo mmoja uliovuma, Cyberpunk 2077, ulioundwa na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland na kutolewa tarehe 10 Desemba 2020. Wakati huo orodha ya kima cha chini ilitaja prosesa ya Core i5-3570K, kumbukumbu ya gigabaiti 8, na kadi ya GTX 780. Mashine yetu ilipita katika prosesa na kumbukumbu, ikapungukiwa kidogo katika kadi. Mwenye nayo aliweza kupunguza ukubwa wa picha, akafuta vivuli, akacheza. Kisha mwaka 2023, kampuni hiyo ilipoufanyia mchezo marekebisho makubwa, kima cha chini kilipandishwa: prosesa ya Core i7-6700, kumbukumbu ya gigabaiti 12, kadi ya GTX 1060 yenye gigabaiti 6, na diski ya SSD, yaani ile isiyo na sahani ya kuzunguka. Jina la mchezo ni lilelile. Mnunuzi ni yuleyule na risiti yake anayo. Kilichohama ni kizingiti.

Maneno haya ya kima cha chini yanastahili kutazamwa. Mwalimu yeyote anafahamu kwamba mshahara wa kima cha chini humfikisha mtu mwisho wa mwezi akiwa hai, na hapo ndipo ahadi yake inapokoma. Orodha za michezo nazo huahidi machache, tena mara nyingi haziyataji. Kima cha chini cha Cyberpunk 2077, kwa mfano, kilikusudiwa kutoa fremu 30 kwa sekunde, picha zikiwa katika ubora wa chini kabisa, kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080. Kampuni hiyo ilisema hivyo waziwazi, na inafaa kupongezwa. Orodha nyingi huishia kutaja majina ya vipande vya mashine bila kueleza vipande hivyo vitaleta nini. Ni kama mtahini anayetangaza alama ya kupita bila kusema karatasi ni ya alama ngapi.

Fremu 30 kwa sekunde maana yake ni kwamba kila picha hukaa mbele ya macho kwa takriban milisekunde 33. Zikiwa 60, hukaa milisekunde 17 hivi. Katika mchezo wa kutembea na kutafakari, 30 zinatosha. Katika mchezo wa kulenga shabaha au wa mbio za magari, 30 ni chache, na zikishuka chini ya 20 mkono huamuru na jicho likachelewa kuona jibu. Hapo mchezo umewaka lakini hauchezeki. Muuzaji atakuonyesha mandhari ya kwanza ikiwa imetulia, shujaa amesimama ndani ya chumba kitupu, na utaondoka ukiwa umeridhika. Mwombe aingie mjini, penye umati na mvua na moto.

Kabla ya kukata tamaa, mwenye mashine anaweza kufanya jaribio ambalo halimgharimu hata senti. Apunguze ukubwa wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Picha ya kwanza ina pikseli 2,073,600 na ya pili ina 921,600, hivyo kadi ya michoro imepunguziwa zaidi ya nusu ya mzigo. Fremu zikiongezeka sana, basi kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zisipoongezeka, kadi haina hatia. Kinacholemewa ni prosesa, ambayo kazi yake haitegemei sana ukubwa wa picha. Mchezo ukienda vizuri kisha ukagutuka kila unapoingia mahali papya, ishuku diski. Ukianza vizuri na kuzidi kuzorota, tazama kwanza kumbukumbu, kisha joto: huenda vumbi limeziba pangaboi ya ndani, na mashine ikipata joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Nimeona watu wakitaka kununua kadi mpya ilhali walichohitaji ni brashi ya kupangusia vumbi.

Ninawashauri walimu wa tarakilishi walifanye jaribio hili darasani. Lina kila kitu cha mbinu ya kisayansi: unabadilisha jambo moja, unayaacha mengine yalivyo, unapima, unahukumu. Tena wanafunzi hawatasinzia.

Kwa mashine yetu ya mfano, tiba ya bei ya chini ni mbili. Ya kwanza ni diski ya SSD, ambayo haiongezi fremu kwa kiasi kikubwa lakini huondoa ule mgutuko na kuufanya mfumo mzima uamke. Ya pili ni kuongeza kumbukumbu. Ikiwa gigabaiti 8 ziko katika kipande kimoja, kipande cha pili kinachofanana nacho, kikitiwa katika tundu sahihi, huleta gigabaiti 16 na pia hufungua njia ya pili ya kupitishia data kati ya kumbukumbu na prosesa. Asiye na kadi ya michoro, anayetegemea michoro ya prosesa yenyewe, hunufaika zaidi na njia hiyo ya pili, maana michoro yake huazima kumbukumbu ya mashine. Kuna pia msaada usiolipiwa: tangu Juni 2021 kampuni ya AMD imetoa ufundi uitwao FSR, ambao huchora picha ndogo kisha kuikuza kwa werevu ijae skrini, na michezo mingi iliyoupokea huutumia hata katika kadi za mshindani wake Nvidia, zikiwemo za mwaka 2016. Nyuso za mbali hufifia kidogo, lakini mchezo huchezeka.

Hapo tumezungumzia unyonge, na unyonge una dawa. Kukataliwa ni jambo jingine.

Mwezi Desemba 2024 ulitoka mchezo uitwao Indiana Jones and the Great Circle. Kima chake cha chini ni kadi ya RTX 2060 Super au inayolingana nayo, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na nafasi ya gigabaiti 120 katika SSD. Mei 2025 ukafuata Doom: The Dark Ages, nao ukaweka kadi hiyohiyo mlangoni. Sababu ni kwamba michezo hii huhesabu miale ya mwanga inavyogonga kuta na kurudi papo hapo mtu anapocheza, na inadai kadi yenye viungo maalumu vya kazi hiyo. Zamani watengenezaji waliukokotoa mwanga huo mapema katika mashine zao kubwa, wakaupaka ukutani kama rangi, na mashine ya mchezaji ikapokea ukuta uliokwisha kupakwa. Njia mpya humwondolea mtengenezaji kazi nyingi ya kupaka. Kazi hiyo imehamishiwa kwa mnunuzi, ambaye huilipia kwa kununua kadi.

Kadi ya GTX 1050 Ti haina viungo hivyo. Punguza pikseli utakavyo, futa vivuli vyote, la kuvunda halina ubani. Na hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba tatizo ni umri. Nvidia ilianza kuuza kadi zenye viungo vya miale mnamo Septemba 2018. Lakini Aprili 2019, miezi saba baadaye, ikatoa GTX 1650 kwa dola 149, kadi ya watu wa kipato cha chini, isiyo na viungo hivyo. Kadi ya bei ghali ya 2018 ina kiungo cha miale. Ya bei nafuu ya 2019 haina. Mpaka haukuchorwa na kalenda, ulichorwa na mfuko. Kijana aliyenunua GTX 1650 ikiwa mpya ndani ya boksi alikuwa amekwisha kuachwa nje ya michezo ya 2024, na hakuna aliyemwambia.

Wapo watakaosema kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu hapo, na hawakosi hoja. Quake ya mwaka 1996 ilitegemea mno hesabu za desimali ambazo prosesa za Pentium zilizifanya kwa wepesi, na wenye mashine za 486 wakaona picha zikijikokota. Lakini itazame Doom ya kwanza, ya Desemba 1993. Mwenye mashine dhaifu aliweza kubonyeza kitufe na kuipunguza picha, ikawa dirisha dogo katikati ya skrini, akacheza humo. Waundaji walijua kwamba si kila mtu ana mashine kama zao, wakamwachia mnyonge mlango mdogo. Doom ya 2025, ya ukoo uleule, haina mlango huo.

Kwamba mlango mdogo huweza kuachwa hata leo, ushahidi upo. Kampuni ya Remedy ya Ufini ilipotoa Alan Wake 2 mnamo Oktoba 2023, kadi za kizazi cha GTX 10 zilikosa uwezo fulani ambao mchezo uliutegemea katika kuchora maumbo, na zikalemewa vibaya. Machi 2024 kampuni hiyo ikatoa marekebisho yaliyoongeza kasi katika kadi hizohizo. Hakuna kadi iliyobadilika. Watu waliketi wakaandika upya sehemu ya programu. Kwa hiyo nikisikia kwamba jambo fulani haliwezekani katika mashine kuukuu, huuliza kama haliwezekani au halikufanywa. Katika sarufi, hizo ni kauli mbili.

Kukataa kwingine hakuhusiani na picha hata kidogo. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Core i5-6500 ni ya kizazi cha sita, kwa hiyo haimo. Microsoft nayo iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ila kwa waliojiandikisha kupata marekebisho ya usalama ya mwaka mmoja zaidi. Mtu anaweza kutumia ujanja akaiingiza Windows 11 kwa nguvu katika mashine yake, kisha akafungua Valorant, mchezo mwepesi wa mwaka 2020 ambao mashine yetu ina nguvu za kuuchezesha bila kutoa jasho. Mchezo huo ukiwa katika Windows 11 huitafuta chipu ya TPM 2.0, na usipoikuta hauanzi. Fauka ya hayo, Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba baada ya Oktoba mwaka huo kadi za kizazi cha GTX 10 hazitaandaliwa tena draiva za michezo mipya, ila marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Mchezo wa kesho huenda ukawaka katika kadi hizo, lakini ukileta hitilafu, hakuna fundi wa kampuni atakayeitazama.

Kwa Mkenya hesabu hii ina uzito wake wa pekee, kwani kupakua gigabaiti 120 kwa bando za simu si mzaha. Kijana huenda akamaliza bando za mwezi mzima, akasubiri usiku kucha, ndipo akutane na sentensi moja ya kumwambia kwamba kadi yake haitambuliki. Sentensi hiyo ilipasa kuwa mstari wa kwanza katika tangazo la mchezo, kwa herufi kubwa, kabla ya bei. Orodha yenyewe huwekwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, na neno la kukataa hufichwa ndani ya jina la kadi, kana kwamba kila mtu anajua tofauti ya GTX na RTX.

Wauzaji wetu nao hawajatusaidia. Pita Luthuli Avenue jijini Nairobi usikie tarakilishi zinavyosifiwa: "Hii ni i7!" Jina hilo pekee halina maana kubwa kuliko kusema kwamba mtu ni mwalimu bila kutaja somo wala shule. Tazama tarakimu zinazofuata kistari. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, mwaka 2011, nayo ina viini vinne. Core i5-8400 ni ya kizazi cha nane, mwaka 2017, nayo ina viini sita na huishinda ile ya kwanza katika michezo, ijapokuwa jina lake linasikika kuwa la mdogo. Baadhi ya wauzaji pia hutaja gigabaiti za michoro ambazo kwa kweli ni kumbukumbu ya mashine iliyoazimwa. Muulize jina kamili la kadi. Akisitasita, fungua mwenyewe sehemu ya Windows inayoorodhesha viungo vya mashine ulisome.

Kwa mwanafunzi mwenye mashine kama hii ya mfano wetu, ushauri wangu ni huu. Aandike jina kamili la prosesa, la kadi, kiasi cha kumbukumbu na aina ya diski katika karatasi moja. Akitaka mchezo, aanze kwa kutafuta sharti la kukataa: je, unadai kadi ya miale, SSD, au TPM? Likiwapo asilolitimiza, aachane nao, asinunue kipande kimoja kimoja kwa matumaini. Ikiwa halipo, alinganishe nguvu, na asiogope kupungukiwa kidogo. Michezo iliyotengenezwa kabla ya 2020, ambayo sasa huuzwa kwa bei ya kutupa, inachezeka vizuri katika mashine hiyo, nayo ni mingi kuliko saa za likizo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, na watengenezaji wa michezo wanaifahamu methali hiyo kutuzidi.

Akiwa bado ana shaka, na mchezo unauzwa katika duka la Steam, kanuni za duka hilo humruhusu kudai fedha zake ndani ya siku 14 tangu aununue, mradi hajaucheza kwa zaidi ya saa mbili. Ajue hata hivyo kwamba saa huanza kuhesabiwa mchezo unapofunguliwa, na mashine yenye diski ya zamani huweza kutumia sehemu kubwa ya muda huo ikijiandaa tu. Aingie moja kwa moja penye umati na mvua, apime fremu, aamue.